Mate Safi ya Cucu

Wengine wakinusa karafuu hufikiria pilau. Mimi mdomo hunifa ganzi upande mmoja. Juzi jirani yangu wa sokoni, yule anayeuza mapazia, alifungua chakula chake karibu na rundo langu la viatu vya mtumba. Harufu ikapanda polepole na mvuke, nami nikajikuta nimeweka kiganja kifuani, juu ya sweta, kama mtu anayehakikisha mfuko wake haujachanwa. Mteja aliyekuwa akinikaba nimshushie bei ya buti alidhani moyo umenishika. Akaacha kubishana, akalipa, akaenda zake. Sikumsahihisha. Lakini zile pesa nilizitia mfukoni bila kuzihesabu mara ya pili, na yeyote anayenijua angetambua kwamba wakati huo sikuwepo.

Nilikuwa Tetu, kwetu upande wa Nyeri, jikoni kwa Cucu, asubuhi moja ambayo ukungu umefika mpaka mlangoni na kusimama hapo kama ng'ombe anayesubiri chumvi. Moto umewaka nusu. Mlima hauonekani, lakini unajua uko wapi, kama unavyojua mtu aliye chumba cha pili. Cucu ameniketisha kwenye kigoda na anatafuna karafuu.

Cucu ni nyanya yangu, mama yake baba. Nilipewa jina lake kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo hakuniita jina, aliniita Wajina. "Wajina, leta kuni." "Wajina, nani amekula viazi?" Kwa akili yangu ya kitoto sisi wawili tulikuwa mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili visivyolingana, na mimi nilikuwa kile kipande cha nyongeza ambacho mwuzaji humtupia mteja ili arudi tena.

Aliuza nduma, yale magimbi ya bondeni, katika soko la Nyeri na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Angeweza kumwuzia mtu nduma na mtu huyo aondoke akishukuru kwamba ameonewa huruma. Hakutoa kitu bure ila vitu viwili: mawaidha na mate.

Haya mate yanahitaji kuelezwa, maana siku hizi watoto wangu wakinisikia wanakunja pua. Mtu wa kwetu akiondoka kwenda mahali pa maana, mzee humtemea mate ya baraka. Si yale ya ugomvi wa stendi. Ni kidogo tu, kama umande, mzee anajitemea viganjani, anasema neno la amani, "Thaai," kisha anakupaka kifuani. Cucu alikuwa pia mtu wa kanisa, kiti cha pili kutoka mbele, kwa hiyo baada ya "Thaai" aliongeza "Amina," na mchungaji hakupata kuulizwa maoni yake. Ndugu yangu Muriuki alipokwenda kuanza kazi ya ufundi alipakwa hivyo. Nilimwona akitoka langoni, kifua mbele, eti hata mbwa wa majirani hawakumbwekea.

Basi mwaka huo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni upande wa Othaya, na shule zikifunguliwa ningeondoka na sanduku la bati. Nilikuwa sijawahi kulala usiku mmoja nje ya boma letu. Shuka nilikuwa nazo, sabuni nilikuwa nayo. Kilichobaki ni mate ya Cucu, na bila hayo nilijua kabisa, kama ninavyojua sasa uzito wa kiatu cha ngozi, kwamba usiku wa kwanza kule ungenimeza.

Ndipo nikaona mambo yamebadilika. Zamani Cucu alinipulizia uji upoe. Sasa alinisukumia kikombe nipulize mwenyewe. Zamani aliniambia siri sikioni. Sasa alisema akiwa amegeukia ukuta, pembe ya leso mdomoni. Binamu yangu alipokuja kuaga, Cucu alimshika mkono tu, mkono mkavu, akamwambia aende salama. Shangazi alileta mtoto mchanga abarikiwe, Cucu akamwombea kwa mbali kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mtoto mwingine angedhani amechukiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa soko. Nilihitimisha kwamba bei imepanda.

Nikamfuata alikokuwa akipukuchua mahindi. "Cucu, nikikuchotea maji kila siku mpaka shule ifunguliwe, utanitemea mate?"

Akatikisika mabega. Alikuwa akicheka midomo ikiwa imefungwa, machozi yakimtoka.

"Nikiongeza kukamua ng'ombe?"

"Wajina," akasema nyuma ya leso, "hiyo bidhaa haiko sokoni sasa."

"Itakuja lini?"

Alitazama mahindi mkononi mwake, akayahesabu, akayahesabu tena, na mimi nikaona kwamba kicheko kilikuwa kimeisha na machozi bado.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema ili nianze kuchota maji hata kabla mkataba haujakubaliwa, maana nilijua mali ikishapokelewa ni vigumu kukataa kulipa. Shamba la nduma lilikuwa bondeni, karibu na kijito. Nikamkuta Cucu huko chini, mswaki wa mti mkononi na chumvi kwenye kipande cha kibuyu. Nikajificha nyuma ya migomba. Ukungu ulikuwa ukipita katikati yetu kwa vitambaa virefu, akawa anaonekana, anapotea, anaonekana tena.

Mnajua jani la nduma halilowi. Maji yakilidondokea hujikusanya yakawa shanga, yakatembea juu yake yakitetemeka. Cucu aliinama akatema kwenye jani pana, akalitikisa kidogo, akatazama. Shanga iliyozunguka pale ilikuwa nyekundu. Katika ule weupe wa asubuhi ilikuwa nzuri mno, nyekundu kama tunda la kahawa lililoiva, na nikadhani Cucu ana ufundi fulani wa siri, kwamba anatengeneza shanga. Nikatoka nilikojificha nikamwomba moja.

Alishtuka hata kibuyu kikamwanguka. Kisha akachuchumaa, akanivuta karibu, ila si karibu sana.

"Hiyo ni damu, Wajina. Meno yangu yanalia. Kila asubuhi naangalia kama yameacha."

"Ndiyo maana hunipulizii uji?"

"Ndiyo maana. Na huo mdomo unanuka, usiniambie haunuki, nimekaa nao." Alizungusha lile jani, shanga ikateleza ikaanguka kwenye tope. "Damu na baraka havikai kibuyu kimoja. Nikikutemea hii, nitakuwa nimekutuma vitani, si shuleni. Ndiyo maana nimewanyima wote. Si wewe peke yako."

Nilimwambia mama yangu, ambaye tulimwita Mami. Mami alikuwa akichuma majani chai na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba hata ng'ombe akitoka damu huitiwa daktari. Siku ya soko akatutuma mjini, Cucu kwa ajili ya meno, mimi kwa ajili ya Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kikuyu. Kiswahili cha Cucu kilikuwa kile cha kuuzia nduma, kilichomtosha siku zote mpaka siku hiyo.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na tulipopanda ngazi tulikutana na harufu ya karafuu. Cucu akasimama. Yeye alikuwa akizitafuna kwa siri kuficha mdomo na kutuliza maumivu, na sasa akazikuta zimemtangulia. "Hata hapa wanafahamu," akasema, akionekana kama mtu aliyeibiwa.

Daktari alikuwa mama mrefu, mtu wa upande wa Busia asiyejua Kikuyu, mwenye sauti ya chini inayokufanya uzungumze chini pia. Msaidizi wake alikaa pembeni na kalamu. Mimi nilipewa kiti karibu na dirisha lenye pazia la kijani, na mwanga wote mle ndani ulikuwa wa kijani, kama tuko ndani ya jani.

"Mama, kwanza nitapima fizi," daktari akasema. "Utanisikia nikitaja namba. Usijali, dada anaandika."

Akaingiza chuma chembamba chenye alama kama rula. "Tatu. Nne. Sita. Tano. Sita."

Mimi nilikuwa sina shaka: alikuwa anatia bei kila jino. Nilishangaa tu kwamba ya mbele ni rahisi kuliko ya nyuma. Na kumbe kwenye kile kiti si mimi peke yangu niliyesikia soko, kwa sababu mkono wa Cucu ulipanda hewani.

"Daktari, sita ni mingi. Sema nne."

Kalamu ya msaidizi ikasimama. Daktari akatoa chuma. "Mama, hii si bei. Ni kina. Ufizi wako umeachana na jino, umekuwa kama mfuko, na chuma changu kinazama humo milimita sita."

"Mfuko? Na ndani iko nini?"

"Ukoga. Uchafu wa meno uliokaa mpaka ukageuka jiwe. Huo ndio unaochokoza fizi zitoke damu. Ukiuacha, unakula mfupa unaoshikilia meno."

Cucu akanigeukia, akaniuliza kwa Kikuyu kama nimesikia vizuri. Nikamwambia nimesikia, ana mifuko na ndani ya mifuko kuna mawe. Akafikiri. "Miaka hii yote nabeba mawe na sijauzia mtu," akasema. Kisha kwa Kiswahili: "Sawa, toa. Lakini hiyo sita usiandike. Andika tano, hiyo ingine tutaongea."

Daktari akapima tena mahali palepale, polepole, mbele ya macho yangu. "Sita."

"Huyu hapunguzi," Cucu akaniambia kwa heshima. "Huyu ni mtu wa kazi."

Wakakubaliana hivi: kusafisha juu juu hakungetosha, daktari angeingia chini ya ufizi na kukwangua mizizi mpaka iwe laini, ufizi upate pa kushika tena. Nusu ya mdomo siku hiyo, nusu wiki inayofuata. Jino moja la mbele chini, lililokuwa likiyumba, daktari hakuliahidi chochote. Cucu aliomba aanziwe upande wa kushoto, kama mtu anayechagua upande wa shamba utakaolimwa kabla ya mvua.

Sindano ya ganzi ikaingia. Kisha kile chombo kikaanza kuimba, wimbo mwembamba usiopanda wala kushuka, na maji yakawa yanafuka mdomoni mwake kama ukungu wa bondeni kwetu. Nilisinzia. Sijui kama ni nusu saa au ni mchana mzima. Nilikuwa nimeegemea lile pazia la kijani nikisikia vijiwe vikigonga bakuli, tik, tik, na katika usingizi wangu kijito chetu kilikuwa kimehamia ndani ya Cucu, kikimwosha, kikisukuma mawe yaliyokaa humo tangu kabla sijazaliwa, tangu kabla baba hajazaliwa, na kila jiwe likianguka maji yalizidi kuwa mepesi. Niliona samaki. Nilijiona mimi mwenyewe nimesimama kwenye ukingo, ambao ulikuwa ni mdomo wake wa chini, nikiwa na sanduku langu la bati.

Nilipoamka Cucu alikuwa amesimama, leso begani, uso umeshuka upande mmoja. Alijaribu kumuaga daktari na maneno yakatoka yamelowa.

Sokoni walimsubiri. Jirani yake wa kuuza mboga, Nyina wa Wangeci, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alimwangalia akashika kiuno. "Wĩ! Umeenda kwa daktari kutengenezwa, wakakurudisha nusu?"

"Nusu yangu inatosha kukushinda," Cucu akasema kwa ile nusu.

Lakini siku zilizofuata zilikuwa na mambo yake. Ufizi uliposhuka, mianya ikaonekana kati ya meno mahali palipokuwa pamejaa. Maji baridi yalimchoma hadi kwenye jicho. Nyina wa Wangeci akaja kumwona, akatazama mdomoni kwa muda mrefu, akatoa hukumu: "Yale mawe ndiyo yalikuwa yameshikilia. Ukitoa mawe kwenye ukuta, ukuta unabaki? Rudi tena huko akuache kama mtoto mchanga."

Siku ya kurudi kliniki ilipofika Cucu alichukua jembe akashuka bondeni.

Nikamfuata. Nilikuwa nimevaa tayari nguo za mjini. Alikuwa akilima kama mtu aliyeshitakiwa, na nikagundua, kwa mshangao ambao bado ninao, kwamba Cucu anaogopa. Nilikuwa sijui kwamba inawezekana.

"Cucu, daktari anangoja."

"Mwambie nimeshiba."

"Usipoenda, na mimi siendi Othaya."

Akaegemea jembe. Akanitazama vile alivyowatazama wateja wapya. "Hiyo ni bei ya kufungulia, Wajina. Mtu hafungui na bei yake ya mwisho. Ya mwisho ni gani?"

Sikuwa na ya mwisho. Nilitafuta katika kila kitu nilichokuwa nacho, na nilikuwa na kidogo sana. Ukungu ulikuwa umepanda juu ya migomba, kijito kinasikika. Nikasema kitu pekee nilichokikuta.

"Nitakushika mkono."

Akafuta jembe kwa majani, upande huu na upande huu, akalilaza.

"Yote miwili," akasema.

Daktari aliniruhusu nikae karibu kabisa. Nilimshika Cucu mikono yote miwili tangu sindano mpaka mwisho. Mikono ile iliyobeba magunia ilikuwa na jasho kama ya mtoto, na kila chuma kilipoingia chini ya ufizi alinibinya kidole gumba. Sikulia. Nilikuwa nimeuza, na mali ilikuwa imeshachukuliwa.

Likizo ikasonga. Cucu alipiga mswaki jinsi alivyoonyeshwa, taratibu, asubuhi na jioni, kwa mswaki wa dukani ambao aliulalamikia kwamba hauna ladha. Yale maji baridi yakaacha kumchoma. Lile jino lililoyumba halikupona. Daktari aliling'oa, na Cucu akaomba apewe akalizike nyumbani. Shule zilipokaribia kufunguliwa tulirudi kupimwa. Mwanga ulikuwa uleule wa kijani, kalamu ileile.

"Tatu. Mbili. Tatu. Tatu. Nne."

Cucu alikuwa amelala macho yamefumbwa, kama anayesikiliza kwaya. Chuma kilipotoka, akafumbua. "Nilikuambia itashuka."

Daktari akacheka hata akainua barakoa. "Umeshinda, mama. Lakini huu ugonjwa hauondoki, unalala tu. Ukiacha kusafisha, utaamka. Uwe unarudi nikuangalie."

"Nitakuja," Cucu akasema. "Nikuone hata wewe kama umelala."

Alirudi kweli, mwaka baada ya mwaka, na alikufa mzee sana na meno yake karibu yote. Mimi fizi zake nimezirithi pamoja na jina. Nikilala kwenye kiti kama kile na kusikia namba zikitajwa, mkono wangu hupanda wenyewe.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa hakuna ukungu. Mlima ulikuwa umesimama wazi wote, theluji yake kidogo, karibu hata ungedhani umekuja kuaga. Sanduku langu lilikuwa langoni na Mami. Cucu aliniita bondeni.

Alichagua jani la nduma, pana, changa, akalipangusa kwa leso. Akainama akatema. Kisha hakulitazama. Akanipa mimi.

"Angalia. Usichukue mali bila kuangalia."

Shanga ilizunguka katikati ya jani, ikatulia. Ilikuwa safi. Ndani yake kulikuwa na anga, na mgomba mmoja uliogeuka miguu juu, na labda mlima, ingawa hilo siwezi kuliapia.

"Ni safi, Cucu."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Nikalielekeza kwenye jua, nikalizungusha, nikatafuta hata uzi mmoja mwekundu. Haukuwepo. Alipoona nimemaliza, akaja karibu, karibu kabisa, vile alivyokuwa hajaja kwa miezi mingi, na pumzi yake ilikuwa ya maji na ya karafuu moja tu, aliyoila kwa kuipenda. Akajitemea viganjani kupitia lile pengo jipya. Akafungua vifungo viwili vya juu vya sweta yangu ya shule.

"Thaai," akasema.

Mikono yake ilikuwa mikubwa, na ilikuwa na joto, na kifua changu kilikuwa kidogo wakati huo, ikakifunika chote. Kisha akafunga vifungo, cha kwanza, cha pili, akavigusa tena kuhakikisha.

"Amina. Sasa nenda, kabla sijabadilisha bei."